Jina Uliloliacha Balangida

Mama,

Nimeshindwa kukaa. Tangu asubuhi nimefagia uwanja usio na hata jani, nimekwenda kuchota maji wakati mapipa yamejaa, nimefungua begi la safari nikapanga nguo upya, nikalifunga, nikalifungua tena. Majirani wananiangalia juu ya ua wanacheka. Wanasema mwenye safari ana kiwewe. Labda. Lakini mimi najua nina maneno ambayo sina pa kuyapeleka, na mwili hautatulia mpaka yatoke. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Naondoka, Mama. Keshokutwa nashuka Katesh, napanda basi la Arusha, halafu ndege. Namfuata Daudi, Australia. Unakumbuka ulivyomsimamisha siku ya harusi yetu hapa Gitting, sahani ya pilau mkononi, ukamwambia mbele ya wageni wote: "Wewe kijana wa Masakta, ukimchelewesha mwanangu nitakufuata hukohuko kwa miguu"? Watu walicheka mpaka mchungaji. Daudi aliogopa kweli. Alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, kazi aliyojifunza kwenye mashamba yetu haya haya ya Hanang, na kule ng'ambo alikuwa amepata kazi kwenye ngano pia. Alikwambia karatasi zangu zitachukua miezi michache tu.

Amenichelewesha, lakini si yeye. Ngoja nikwambie.

Kuhusu asubuhi ile ya maporomoko sitaandika mengi. Wewe unaijua kuliko mimi. Mimi nilikuwa huku, upande wa pili wa mlima, napalilia maharage kwenye shamba la baba. Simu zikaanza kulia nyumba hadi nyumba: mlima umeshuka, Jorodom imefunikwa. Nilipofika Katesh hapakuwa na mgahawa wako. Hapakuwa na benchi, sufuria, wala ule mti ulikokuwa unaanika masufuria. Matope, mawe na magogo tu, na watu wanachimba kwa majembe na kwa mikono. Sanduku la bati ulilonitunzia, lenye vyeti vyangu vyote, cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, lilikwenda na tope hilo. Na wewe.

Nilipopelekwa mahali walipolazwa marehemu, niliambiwa umeshatambuliwa na ndugu. Sikuuliza ndugu gani. Nilidhani ni mtu wa kanisani. Nilikuona, nikakuleta nyumbani, tukakuzika karibu na baba, chini ya miti yake ya mikaratusi.

Cheti chako cha kifo kilipotoka kilikuwa na jina nisilolijua: Udashega Gidahera. Nikasema moyoni, maskini, siku zile waandishi walikuwa wamechoka, wameandika majina ya watu wengi. Nikaacha hivyo hivyo. Mimi nilijua nimemzika nani.

Kumbe jina hilo lilikuwa linanisubiri mbele.

Ili kuomba viza ya kumfuata mume wangu nilihitaji cheti kipya cha kuzaliwa, na ili kueleza kilikokwenda kile cha zamani nikaambatanisha cheti chako cha kifo. Nilijiona mwerevu. Tukangoja. Mvua za masika zikaja zikapita, tukavuna, tukangoja. Jibu lilipokuja, Daudi alinisomea kwa simu, anatafsiri polepole, sauti yake inapotea kila baada ya sentensi. Wamekataa. Hawakuridhika kwamba mwombaji ni mtu anayedai kuwa.

Nikamwambia, "Soma tena."

Akasoma tena. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa vinasema mama yangu ni Maria. Cheti cha kifo kinasema mama aliyefariki ni Udashega. Hawa ni wanawake wawili. Kwa hiyo aliyekufa si mama wa mwombaji, na cheti kilichotolewa kwa maelezo ya msiba huo hakiaminiki. Halafu shuleni niliandikwa Marta, kwenye kitambulisho cha taifa Martha. Basi huyu mwanamke ambaye Daudi anasema ni mkewe ni nani?

Mama, sijui kama umewahi kuambiwa kwamba wewe si wewe. Ni kitu cha ajabu. Siku za kwanza nilikasirika. Baadaye ikawa mtu akiniita njiani, nachelewa kuitika. Nilikuwa najitazama kwenye kioo kile kidogo cha baba cha kunyolea, nakagua pua, nakagua meno, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Usingizi ukakata. Mchana nilikuwa napanda kilimani kutafuta mtandao, nampigia Daudi, sina la kumwambia, nashuka, nakumbuka jambo dogo, napanda tena.

Tulikata rufaa. Wakili wetu ni dada mmoja wa Babati, mwembamba, hana maneno ya kubembeleza. Alisoma yote, akavua miwani. "Tafuta mtu aliyelitoa hilo jina," akasema. "Kama alikosea, aseme alikosea. Kama ni la kweli, aseme amelitoa wapi."

"Na majirani wa Gitting? Wamenijua tangu nazaliwa."

"Majirani tutawapeleka. Lakini watauliza kuhusu damu. Upande wa baba yako amebaki nani?"

Hajabaki mtu, unajua. Na upande wako? Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini sina bibi wala babu wa kwako. Ulikuwa unakamua, hukugeuka. "Mimi nilizaliwa siku niliyobatizwa," ulisema. Nilipouliza kuhusu zile alama ndogo za nukta zilizozunguka macho yako, ulisema ni mambo ya zamani. Gitting nzima ilijua kwamba ulipanda mlima kutoka kwa Wabarabaig wa bondeni, wenye ng'ombe, ukaolewa na Mwiraqw mwenye jembe, wakati watu wa pande hizo mbili hawakuwa wakisalimiana. Walijua, wakanyamaza kwa heshima ya baba. Nami nikanyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza.

Nilikwenda mnadani Katesh. Nikaanza kuuliza wafugaji: nani anamjua Gidahera? Wengi walinitazama wakaendelea na ng'ombe wao. Mwishowe mama mmoja muuza maziwa akaniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Gidahera alishakufa zamani," akasema. "Mwanawe yuko Balangida. Gidosh. Mwambie umetumwa na hayo macho yako."

Pikipiki ilinifikisha mpaka njia ilipokwisha, nikatembea. Ziwa Balangida lilikuwa limekauka, jeupe kwa chumvi, upepo unalibeba vumbi lake unalitia watu machoni. Boma lilikuwa la miiba, kubwa. Mzee alikuwa ameketi nje kwenye kigoda chake, shuka nyeusi begani, fimbo magotini.

Nilimjua, Mama. Nilimjua kabla sijafika. Ni yule mzee wa siku za mnada, aliyekuwa anakaa benchi la karibu na mlango, anakula bila kusema neno, na ambaye ulikuwa hutaki mtu mwingine amhudumie. Siku moja tu, ulipokuwa na homa, mimi ndiye niliyempelekea ugali na maziwa. Alipokea kwa mikono miwili. Nilidhani ni adabu ya wazee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa. Nimekungoja tangu udongo ule."

Alinipa kigoda. Mmoja wa wake zake akaleta maziwa. Kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, na mimi nakuandikia jinsi alivyosema, kwa sababu nadhani na wewe hukuwahi kuyasikia yote.

Alisema ulipoondoka, baba yenu alimwita akamwapisha kwamba hana dada. Aliapa. Alikuwa kijana. Baada ya miaka alikwenda mnadani kuuza ng'ombe, akaingia kwenye mgahawa kutafuta chakula, akakuta aliyesimama jikoni ni wewe. "Hatukuongea. Nilikuwa nimeapa," alisema. "Lakini kula sikuapa." Kwa hiyo kila mnada alikuwa anakuja kula. Wewe unaweka sahani, yeye anakula, anaondoka. Miaka yote hiyo! Na mimi nimekaa pale naosha vikombe.

Mlima uliposhuka alitembea kutoka Balangida. Alichimba na wale waliokuwa wanachimba, hajulikani na mtu. Hakukupata yeye, ulipatikana na wengine, akakufuata mpaka walipokulaza. Hakuna aliyeweza kukutambua kwa sababu ya tope. "Niliomba maji," alisema. "Nikaosha uso kwanza. Nikaona alama. Mama yetu ndiye aliyezichora, na mimi nilikuwa nimemshika kichwa asitikisike. Wakaniuliza jina. Nikawapa alilopewa na mama yetu. Lingine nilikuwa silijui."

Nilipaswa kulia hapo. Badala yake, Mama, nilisimama nikapaza sauti mbele ya mzee, mbele ya wake zake na wajukuu. "Jina hilo limeninyima mume wangu! Wanasema mimi si mtoto wake! Wanasema sijulikani ni nani!"

Hakukasirika. Alikwaruza chini kwa ncha ya fimbo. "Mimi nilitaka asizikwe kama mgeni," akasema.

Nikaketi. Aibu ikanishika. Nikamweleza kwa upole kuhusu rufaa, kuhusu kipimo cha vinasaba, kuhusu kusimama mbele ya simu na kusema kwa kiapo kwamba wewe ulikuwa nani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Kwa maiti nilisema, kwa sababu ilikuwa maiti. Kwa walio hai niliapa."

Nilirudi Gitting mikono mitupu. Wiki zilizofuata sikumbuki kama nilikula. Nilikuwa naanza kazi naiacha katikati. Nilichoma ugali. Nilimwacha ndama afunguke akala mahindi ya jirani. Daudi akipiga simu namwambia naendelea vizuri, naye anasema anaendelea vizuri, na wote wawili tunasikia jinsi tunavyodanganyana. Siku moja alisema, "Martha, ikishindikana narudi. Nitatengeneza mashine za watu hapo hapo Basotu." Nilimwambia asithubutu. Kisha nikakaa nikiomba athubutu.

Asubuhi moja, ukungu bado uko chini, mbwa wakabweka. Nikatoka. Mzee Gidosh amesimama nje ya ua, shuka imefuliwa, miguu imejaa umande. Alikuwa amezunguka mlima mzima. Hakutaka kuingia ndani kwanza.

"Nimekwenda kwenye kaburi la baba yangu," akasema. "Nimemwambia. Nimemwambia nimechoka kula bila kusalimia." Halafu, "Hiyo simu yenu iko wapi?"

Nikamwita mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno hilo kwa mtu wa damu yangu. Akaitika kama aliyezoea.

Tulikwenda hospitali, wakatufuta ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba, mjomba akauliza kama ndiyo hivyo tu. Majibu yalisema undugu wa karibu upo. Lakini wakili alituonya kwamba kipimo hakisemi majina. Majina lazima yasemwe na mtu.

Siku ya kusikilizwa tulikuwa ofisini kwa wakili, Babati. Kwao ilikuwa mchana, kwetu jua ndiyo kwanza linachomoza. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwamuzi wa rufaa, na Daudi pembeni na tai iliyopinda, na mkalimani, dada mwenye Kiswahili kizuri, laini. Nilikatazwa kumsaidia mjomba hata neno moja.

Mwamuzi akauliza. Mkalimani akatafsiri: "Marehemu alikuwa na uhusiano gani nawe?"

Mjomba akakitazama kioo. Muda ukapita. Nilimwona wakili amekaza kalamu. Nilimwona Daudi, mbali huko, amefumba macho. Nikafikiri: kiapo kimemrudi. Imekwisha.

"Hilo neno silijui," mjomba akasema. "Uhusiano ndiyo nini?"

Mkalimani akaomba ruhusa, akauliza upya: "Yule mama alikuwa nani kwako, mzee?"

Mjomba akasimama. Wakili alitaka kumwambia akae, kamera haimwoni uso, lakini akamwacha. Sauti ikatoka juu ya picha ya shuka tu.

"Dada yangu," akasema. "Tumenyonya ziwa moja." Akatulia, kama anangoja paa limwangukie. Halikuanguka. "Dada yangu! Kwetu aliitwa Udashega. Huko mlimani sijui walimwitaje. Na huyu ni mtoto wake. Nilimwona amebebwa mgongoni, nikamwona anatambaa chini ya meza za mgahawa, akakua nikimwona, mpaka akanipa chakula kwa mkono wake. Nyie andikeni mnavyojua. Yeye ndiye."

Mkalimani akatafsiri. Sauti yake ilikuwa si ile ya mwanzo.

Mjomba akaketi, akaiweka mikono mezani. Niliishika, akaniachia.

Uamuzi ulichelewa. Nilikuwa shambani, kwenye mistari ile ile ya maharage, simu ilipoita. Alikuwa Daudi. Nilisikia anapumua, nikasikia mashine zinanguruma nyuma yake, na nikajiambia, haya, basi. Ndipo akasema, "Martha. Wamesema wewe ni wewe."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nililia, kisha nikacheka peke yangu kama kichaa, kisha nikainuka nikaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Nilidhani sasa moyo utatulia. Haujatulia. Nani ataangalia kaburi, nani atanyoosha ua ukilala? Na je, nikifika kule, nikikuta Daudi wa kwenye simu si Daudi wa mezani? Miaka hii yote nimepigania kwenda, sasa miguu inauliza tunakwenda wapi.

Jana mjomba alikuja kuniaga. Nilimpeleka kwako. Hakuwa amewahi kufika. Alisimama mbali kwanza, akavua viatu, akasogea. Alikuwa na maziwa kwenye kibuyu kilichofungwa shanga. Akamwaga kidogo upande wa kichwa chako. Akachuchumaa, akaanza kuongea na wewe kwa Kibarabaig.

Aliongea sana, Mama. Mara anacheka kidogo, mara anagomba, mara anauliza na kungoja, kama vile unajibu. Nilisimama nyuma yake na khanga yangu mkononi. Sikuelewa hata neno moja. Nilisikia jina lako likipita, Udashega, Udashega, na kati ya jina na jina hakuna nilichokishika. Nimesimamishwa mbele ya watu wa mbali kuthibitisha kwamba mimi ni mtoto wako, nikashinda, na hapo kaburini kwako nilikuwa kama mpita njia.

Alipomaliza nikamuuliza amekwambia nini.

Akafikiri. "Kwa Kiswahili hayasemeki," akasema.

Basi sikiliza, Mama, ndilo hili neno lililonifanya nishindwe kukaa. Nimemwachia mjomba simu yangu ya zamani. Mjukuu wake ameshajua kuiwasha. Kila Jumapili, kwao wakitoka kukamua, nitapiga. Tumeanza jana jioni, neno la maji na neno la maziwa, na mjomba amecheka matamshi yangu mpaka akajifuta machozi. Huko niendako nitajifunza Kiingereza kwa sababu nalazimika. Hiki nitajifunza kwa sababu ni chako. Ulikuwa na haki ya kukiacha, sijui ulichopitia. Mimi naomba ruhusa ya kukiokota.

Pumzika, Mama. Usijisumbue kutufuata kwa miguu, Daudi ameshanipata. Nakuahidi nitarudi, na siku nitakayorudi nitapita kwako kabla sijaingia ndani ya nyumba yoyote, nichuchumae alipochuchumaa mjomba, nikusalimie kwa maneno ya kwenu. Nitakosea. Wewe nisahihishe.

Mwanao,
Martha